Tovuti ya Fomu 34A: nzuri kwa kukagua, mbovu kwa kujumlisha

Katika uchaguzi wa Agosti 9, 2022, tovuti ya matokeo ya urais ya IEBC (tume ya uchaguzi) iliwapa vijana wa Kenya kitu cha kushika mitandaoni badala ya kupiga domo tu. Wasimamizi wa vituo 46,229 walipiga picha Fomu 34A, yaani fomu ya matokeo ya kila kituo, kwa kifaa cha KIEMS (mashine ya kutambua wapiga kura na kutuma matokeo), na picha hizo zikawekwa wazi kwa yeyote mwenye bando.

Matumizi ni mepesi: chagua kaunti, eneo bunge, wadi, kisha kituo, upakue. Ukitumiwa fomu inayodaiwa kuchakachuliwa, usikimbilie kura. Soma kwanza jina na msimbo wa kituo, itafute fomu hiyo kwenye tovuti, kisha linganisha mwandiko, sahihi za mawakala na kura zilizokataliwa. Halafu jumlisha. Kituo kimoja hakitakiwi kuzidi wapiga kura 700, kwa hivyo ukikuta kura 900, ama picha imechezewa ama msimamizi kakosea. (Mara nyingine ni 1 tu iliyoandikwa ikafanana na 7.)

Kasoro kubwa ni kwamba tovuti ilitoa picha, si tarakimu. Anayetaka jumla ajisomee mwandiko wa wasimamizi, fomu baada ya fomu. Hata vyombo vya habari vilitangaza takwimu tofauti saa ileile, kwa kuwa kila kimoja kilianza na fomu zake. Kwenye Twitter, tofauti hiyo ikaitwa wizi. Kumbe jumla ya fomu chache hufuata ngome uliyoanza nayo. Mwenye hamu ya kujumlisha asubiri Fomu 34B, zenye jumla ya kila eneo bunge: maeneo bunge ni 290 tu, pamoja na kura za ughaibuni.

Kusambaza nako kuna ufundi. WhatsApp hubana picha hadi tarakimu zikafifia. Tuma fomu kama dokumenti. TikTok haifai kabisa kwa kazi hii, video inapita kabla msimbo haujasomeka.

Tovuti pia haiwezi kuthibitisha kwamba kilichopigwa picha ndicho kilichohesabiwa. Mahakama ya Juu, katika uamuzi wa Septemba 5, 2022, haikuona tofauti kubwa kati ya fomu za tovuti na zile halisi, lakini ukaguzi huo ulihitaji karatasi zenyewe. Kijana wa kawaida ana mlango wa kituo, ambako nakala ya 34A hubandikwa baada ya kuhesabu. Aipige picha usiku uleule, msimbo na sahihi zote zionekane, kabla haijabanduliwa.