Fuwele inajipika, nami naambiwa nifute vioo

Sina mazoea ya kulalamika hadharani, lakini jibu la fundi wa kampuni iliyoniuzia leza hii ya Raman, yaani leza inayotumia mitetemo ya fuwele kugeuza mwale wa leza nyingine uwe wa rangi nyingine, limenikaa kooni na halijashuka hadi leo.

Mwanzoni, miezi kadhaa iliyopita, ilinifurahisha sana. Mwale wa nanomita 1064 uliingia katika fuwele ya tangsteti ya potasiamu na gadolini, ukatoka ukiwa wa nanomita 1177, mtulivu na wa mviringo. Nilipozidisha nguvu ya leza ya kusukuma, ile inayotoa mwale wa kwanza, mwale wa Raman uliongezeka kidogo, ukadumaa, kisha ukaanza kupungua huku doa lake likirefuka kama yai. Nilimpigia fundi simu, naye, kabla sijamaliza kueleza, akanikata: "Futa vioo vyako, halafu usome mwongozo."

Vioo! Kila fotoni, yaani chembe ya mwanga, inayogeuzwa huacha sehemu ya nishati yake ndani ya fuwele ikiwa mtetemo, yaani joto. Kwa fuwele hii ni karibu asilimia 10, kwa hiyo leza inavyofanya kazi vizuri zaidi ndivyo inavyojipika yenyewe. Tena fuwele hii hupitisha joto kwa shida, hivyo katikati huwa na moto kuliko kingo, nayo hugeuka lenzi ambayo hakuna aliyeiagiza. Niliyapoza maji hadi umande ukatanda kwenye kishikilio, nisipate nafuu yoyote, kwani maji hupoza kingo tu, ilhali ugonjwa wenyewe ni ile tofauti kati ya kingo na katikati.

Hatimaye niliweka sahani yenye matundu, inayozunguka, mbele ya leza ya kusukuma, ili fuwele ipumzike kati ya mpigo na mpigo. Nguvu ya kila mpigo ilirudi, doa likawa la mviringo tena, na vioo vilikuwa vile vile, sikuvigusa.

Kwa hiyo, kwa mwenye kuhitaji mipigo mifupi, nakiri kwamba ni chombo kizuri, na pengine ningekinunua tena. La, nafuta kauli hiyo: mimi niliuziwa mwale usiokatika, na nilipoulizia fuwele ya almasi badala yake, ambayo hupitisha joto mamia ya mara kuliko fuwele hii, muuzaji alicheka akasema hiyo ni anasa.

Juzi wamenitumia kifurushi. Nilikifungua kwa matumaini, nikakuta karatasi za kufutia vioo.