Kasri la Wawel, Kraków: Kata Tiketi Ipi, Acha Ipi

Habari zenu watazamaji wangu, karibuni. Leo tunachambua Wawel, makao ya wafalme wa Polandi, juu ya kilima mjini Kraków. Vijana wetu wapo wanaosoma Polandi, na wazazi au ndugu wakija kuwatembelea, hapa ndipo wanapoletwa kwanza. Sasa ukifika dirishani unakuta tiketi za kila namna: ya vyumba hivi, ya vyumba vile, ya hazina, ya silaha, ya pango, na ya kanisa ambayo inauzwa dirisha jingine kabisa. Usipojipanga unalipia vitu usivyokuwa na haja navyo, halafu unaondoka hujaona kile ambacho ungekuja kuwasimulia watu nyumbani.

Msimamo wangu nautoa mapema. Kama mfukoni una hela ya tiketi moja tu, kata ya kanisa kuu. Kasri ni zuri, nitalifikia, lakini ukitaka kuwaelewa watu wenye kilima hiki, anza na kanisa.

Tupande kwanza. Kutoka uwanja mkubwa wa mji wa kale unafuata Mtaa wa Grodzka kwa miguu, na kama robo saa hivi umefika. Kilima si kirefu, ni mwamba wa chokaa kando ya mto Wisła. Njia ni ya mawe, imeinuka kidogo, na mzee mwenye mkongojo ataipanda taratibu bila shida.

Wakati unapanda, usiwe na haraka. Angalia ukuta wa matofali ulio kando ya njia. Umejaa vibao vya mawe, na kila kibao kimechongwa jina. Watalii wengi wanaupita wakikimbilia geti, na mimi naona hapa ndipo ziara inapoanzia. Mwaka 1795 Polandi ilifutwa kwenye ramani. Urusi, Prussia na Austria ziligawana nchi, na kwa miaka 123, mpaka 1918, hapakuwa na taifa hilo. Kasri hili likaangukia kwa Austria, jeshi lao likaligeuza kambi: askari wakalala kwenye kumbi za wafalme. Mwanzoni mwa karne ya 20 ndipo Austria ilipokubali kuondoka, na jengo likabaki limechakaa vibaya. Wananchi wakachanga. Mtu au chama kilichotoa mchango wa matengenezo kiliwekewa kibao chake, na hayo ndiyo majina unayoyaona. Kwa hiyo kasri la mfalme limesimama tena kwa hela za watu wa kawaida, na wameandikwa pale mlangoni kabla hujafika kwa mfalme yeyote.

Juu ya ngome pale utamwona Tadeusz Kościuszko amepanda farasi. Ni jemadari aliyeongoza uasi wa 1794 dhidi ya Warusi, na kabla ya hapo alipigana vita vya uhuru wa Marekani. Sanamu ya kwanza Wajerumani waliivunja 1940, hii ya sasa ni nakala iliyotolewa zawadi na mji wa Dresden, mji wa Wajerumani, mwaka 1960.

Ukishaingia getini, ua wa ndani wa kasri ni bure. Narudia, bure. Una baraza za ghorofa tatu pande zake, kazi ya mafundi waliotoka Italia enzi za Mfalme Zygmunt wa Kwanza, mwanzoni mwa karne ya 16. Mkewe, Malkia Bona Sforza, naye alikuwa Mwitalia. Inua macho uangalie nguzo za ghorofa ya juu: ni ndefu kuliko za chini, zimezungushiwa pete katikati, kwa sababu kumbi za heshima zilikuwa huko juu. Mtu asiye na hela hata ya tiketi moja, akakaa hapa uani, akazunguka nje ya kanisa na kuutazama mto kutoka ukutani, hajapoteza siku.

Haya, kanisa kuu. Hapa mlangoni kuna mifupa mikubwa imening'inizwa kwa mnyororo. Wenyeji wa zamani walisema ni ya joka la Wawel, na kwamba siku ikianguka dunia itakwisha. Wataalamu wanasema ni ya nyangumi, ya mamothi, yaani tembo wa kale mwenye manyoya, na ya kifaru. Imefungwa imara, ingieni tu.

Jengo hili liliwekwa wakfu 1364, na wafalme wengi wa Polandi walitawazwa hapa na kuzikwa hapa. Hata baada ya makao ya mfalme kuhamia Warsaw mwanzoni mwa karne ya 17, wengi wao taji walikuja kuvishwa Kraków na maiti zao zikaletwa Kraków. Ndiyo maana ndani kumejaa makaburi yaliyochongwa, mfalme amelala juu ya jiwe kama mtu aliyepumzika mchana. Lile la Mfalme Kazimierz Jagiellończyk la marumaru nyekundu lilichongwa na Wit Stwosz, na uso wake una makunyanzi ya mtu aliyechoka kweli. Watalii husongamana kwenye kanisa dogo lenye kuba la dhahabu, Kanisa la Zygmunt. Ni kazi nzuri sana ya Bartolomeo Berrecci, iangalieni, lakini msiishie hapo.

Mtafuteni Jadwiga. Alitawazwa 1384 akiwa binti wa miaka kama kumi, tena alitawazwa kwa cheo cha mfalme kamili, si mke wa mfalme. Akaolewa na Jagiełło, mtawala wa Lithuania, na alifariki 1399 akiwa bado kijana. Vito vyake aliviacha viuzwe ili kukifufua chuo kikuu cha Kraków, kikafunguliwa upya mwaka uliofuata. Ndicho chuo alichokuja kusoma Copernicus, yule mwanafalaki. Sasa angalia alizikwa na nini: fimbo ya kifalme na tufe, vyote vya mbao. Vimewekwa kwenye kioo, unavisogelea mpaka unaona mbao yenyewe. Katika kilima kilichojaa dhahabu na marumaru, kile kipande cha mbao ndicho kilichonigusa kuliko vyote. Mtu aliyekuwa na uwezo wa kuzikwa na dhahabu, dhahabu yake imekwenda kusomesha watu. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mtakatifu mwaka 1997, hapa hapa Kraków. Yeye mwenyewe misa yake ya kwanza kama padri aliisomea chini ya kanisa hili, kwenye chumba cha kale cha chini kinachoitwa kwa jina la Mtakatifu Leonard, tarehe 2 Novemba 1946.

Tiketi ya kanisa inakupandisha pia kwenye mnara wa Kengele ya Zygmunt. Ngazi ni za mbao, zinapita katikati ya mihimili minene, na kuna mahali inabidi uiname na kupishana na anayeshuka. Mwenye magoti mabovu abaki chini, nasema hivyo kwa moyo mweupe. Kengele ilitengenezwa 1520, na ikihesabiwa pamoja na vyuma vyake ina uzito wa zaidi ya tani 12. Kuipiga kunahitaji watu kama 12 wakivuta kamba kwa pamoja, na hupigwa siku kubwa tu za kanisa na za taifa. Watu huugusa ulimi wake kwa mkono wa kushoto na kuomba jambo. Ukifika juu utaona wamejipanga, kila mtu na ombi lake.

Halafu shukeni kwenye makaburi ya chini. Hapa naomba mniazime masikio, hasa nyie wa Arusha na wa Masindi.

Chini huku kuna wafalme, kuna washairi Mickiewicz na Słowacki, kuna Piłsudski, kiongozi wa Polandi ilipopata tena uhuru 1918, na karibu yake Rais Lech Kaczyński na mkewe waliofariki kwa ajali ya ndege 2010. Watu husimama zaidi hapo. Mimi nataka msimame kwa Jenerali Władysław Sikorski. Alikuwa waziri mkuu wa serikali ya Polandi iliyokuwa uhamishoni London wakati wa Vita vya Pili. Mwaka 1940 na 1941 Wasovieti walikuwa wamewahamisha kwa nguvu mamia ya maelfu ya Wapolandi, familia nzima nzima, mpaka Siberia na Kazakhstan. Tarehe 30 Julai 1941 Sikorski alitia saini mkataba na Wasovieti, na kwa mkataba huo wafungwa na wahamishwa wakaachiliwa. Mwaka 1942 maelfu kwa maelfu walivuka kwenda Iran, na kutoka Iran wanawake na watoto wengi wakapandishwa meli kuja kwetu. Wakawekwa Tengeru, Kondoa, Ifunda, Kidugala na Morogoro upande wa Tanganyika, na Masindi na Koja upande wa Uganda. Tengeru peke yake ilifikia watu kama elfu tano.

Mtu wa Arusha anaijua Tengeru kwa soko lake na ndizi zake. Makaburi ya Wapolandi bado yapo pale, yanatunzwa, yana misalaba na majina. Kule Masindi, Nyabyeya, kanisa walilolijenga wakimbizi limesimama mpaka leo. Sikorski hakuishi kuona mwisho wa vita, ndege yake ilianguka Gibraltar mwezi Julai 1943. Akazikwa Uingereza, na mwaka 1993 ndipo alipoletwa Wawel. Kwa hiyo ukiwa umesimama pale chini, mbele yako yuko mtu ambaye sahihi yake iliwafungulia njia watoto waliokuja kusoma shule chini ya Mlima Meru. Hakuna kibao pale kitakachokuambia habari za Tengeru, ndiyo maana nakuambia mimi.

Tiketi ya pili, kama hela ipo, iwe ya vyumba vya heshima vya kasri. Kuna mambo mawili ya kutafuta. La kwanza ni ukumbi wa wajumbe, wenye vichwa vya mbao vilivyochongwa darini. Vilikuwa 194, vimebaki 30. Vinakutazama kutoka juu: wanaume, wanawake, wazee, watu wa kila hali. Mmoja ni mwanamke aliyefungwa kitambaa mdomoni. Wanasimulia kwamba mfalme alikuwa akitoa hukumu humu, kichwa kile kikafumbua kinywa kikamwambia, Mfalme Augustus, hukumu kwa haki. Mfalme akaamuru kifungwe mdomo. Ni hadithi tu, lakini hebu fikiria hakimu anakaa chini ya uso ule kila siku.

La pili ni mazulia ya ukutani ya Mfalme Zygmunt August, yaliyofumwa Brussels katikati ya karne ya 16 kwa sufu, hariri na nyuzi za dhahabu na fedha. Kuna Safina ya Nuhu, kuna Mnara wa Babeli, kuna wanyama wa kila aina msituni. Yamebaki zaidi ya 130, hayaoneshwi yote kwa pamoja. Septemba 1939, Wajerumani wakikaribia, wafanyakazi wa kasri waliyafunga na kuyapakia kwenye mashua ya mizigo, wakayateremsha kwa mto Wisła. Yakapita Romania, Ufaransa, Uingereza, mpaka Kanada. Baada ya vita yakazua mvutano mrefu juu ya nani mwenye haki nayo, na yakarudi nyumbani 1961. Wakati wote wa vita, kasri lilikaliwa na Hans Frank, mtawala aliyewekwa na Hitler, aliyenyongwa 1946 baada ya kesi ya Nuremberg.

Hazina ya taji ni tiketi ya tatu, na niwe mkweli, anayetarajia mataji ya wafalme hatayakuta. Waprusia waliyapora 1795 na baadaye wakayayeyusha. Uliobaki ni Szczerbiec, upanga wa kutawazia wafalme. Kwa mpenda historia, upanga ule mmoja unatosha kuilipia tiketi. Ya silaha mimi naiacha.

Pango la joka ni la watoto, wapelekeni. Unashuka ngazi nyembamba za kuzunguka, zaidi ya 130, na unatokea chini kabisa kando ya mto, mbele ya sanamu ya joka inayotema moto wa kweli kila baada ya muda. Liacheni liwe la mwisho, maana ukishatokea kule chini, kurudi juu ni kukizunguka kilima upya. Miezi ya baridi pango hufungwa.

Yasiyonipendeza: tiketi kugawanywa hivi kunamchanganya mgeni na kumwongezea gharama, na ndani ya kanisa hairuhusiwi kupiga picha, kwa hiyo tumieni macho. Kiangazi idadi ya watu kwa kila saa ina kikomo, kata tiketi ya kasri mapema kwa intaneti. Jumapili asubuhi kanisani kuna misa, watalii wanaruhusiwa mchana. Nendeni siku ya kawaida, asubuhi, kanisa kwanza.

Kanisa nalipatia alama tisa kati ya kumi, vyumba vya kasri nane. Na wewe ambaye bibi au babu yako aliuza maziwa, alifundisha au alifanya kazi kwenye kambi za Tengeru, Kondoa au Masindi, niandikie hapo chini alichokuwa akikisimulia kuhusu Wapolandi wale. Nataka nikitengenezee video yake.