Rekodi mpya za kwarteti: usilipe kabla hujaliona jina la mtunzi

Wasomaji kadhaa wameniletea malalamiko ya aina moja: mtu kalipia albamu ya muziki wa klasiki wa vikundi vidogo, kama kwarteti (wapigaji wanne: fidla 2, viola na selo, ambazo ni fidla kubwa zaidi), kapakua mafaili, na kila kipande kimeandikwa jina la wapigaji tu. Aliyetunga hayumo. Kijitabu cha maelezo nacho hakimo. Kwa hiyo leo natazama albamu zinazomtaja mtunzi; sigusi spika wala ubora wa sauti, maana hayo yameandikwa vya kutosha.

Chukua albamu ya Pieces of Africa ya kwarteti ya Kronos Quartet, ya mwaka 1992. Ina watunzi 7 waliozaliwa Afrika, akiwemo Justinian Tamusuza wa Uganda. Mafaili yakipangwa hovyo, simu yako inaonyesha "Kronos Quartet" toka mwanzo hadi mwisho, na Mganda aliyekaa akaandika kila noti ya zile fidla 2, viola na selo hatajwi kwenye kazi yake mwenyewe. Huko ni kumdhulumu mtu.

Kwa kipimo hicho cha kumtaja mtunzi, albamu ya kwanza kwangu ni Orange (2019) ya mtunzi Caroline Shaw na kwarteti ya Attacca Quartet, iliyotolewa na lebo za Nonesuch na New Amsterdam. Nonesuch naipenda waziwazi, na sababu mojawapo ni hii: albamu imetoka kwa jina la mtunzi na la wapigaji pia. Ilipata tuzo ya Grammy mwaka 2020. Sikiliza Entr'acte, aliyoitunga Shaw mwaka 2011 baada ya kusikia kipande cha kwarteti cha Haydn, mtunzi wa karne ya 18. Inaanza kwa adabu ya dansi ya zamani, halafu pinde zinapapasa nyuzi kwa wepesi mpaka noti zinabaki pumzi tupu. Mwishoni wengine wananyamaza, selo inadonolewa kwa vidole peke yake. Ukishajua kwamba Haydn yumo humo ndani, unaisikia upya kabisa.

Ya pili ni Evergreen (2022), ya Shaw na Attacca hao hao, na humu Shaw anaimba mwenyewe. Ya tatu ni Uncovered, juzuu ya kwanza (2021), ya Catalyst Quartet kwenye lebo ya Azica. Rekodi ni mpya ila mtunzi ni wa zamani: Samuel Coleridge-Taylor, aliyezaliwa London mwaka 1875, baba yake daktari kutoka Sierra Leone. Anza na kwinteti ya klarineti (kwarteti ikiongezewa klarineti, ala ya kupulizwa), aliyoiandika akiwa bado mwanafunzi.

Prism za Danish String Quartet, albamu 5 za lebo ya ECM, ni nzuri mno, lakini anayetafuta watunzi walio hai hatawapata humo. Mwenye bajeti ndogo atazame lebo ya Naxos.

Sasa wauzaji. Faili halina karatasi, halina kasha, halipandi ndege, wala halikai forodhani. Iweje bei yake ikaribiane na ya CD, na bado kijitabu kikatwe? Mnunuzi wa Dar es Salaam au Mombasa anaumia zaidi, kwa sababu CD ikiagizwa nje, usafiri na ushuru unaweza kuzidi bei ya muziki wenyewe, na hao wauzaji wanajua hilo. Kabla ya kulipa, fungua ukurasa wa albamu uangalie kama kuna PDF ya kijitabu. Usipoiona, mwandikie muuzaji umuulize, na usitoe hela mpaka akujibu.