Huduma ya kubadilisha leseni ya nje: tafsiri safi, ushauri nusu nusu

Hawa jamaa wa kushughulikia leseni za kigeni nawapa nyota 3 kati ya 5. Tafsiri yao iko poa sana kwa kweli, madaraja yote ya magari yamo, tarehe ya kupata leseni mara ya kwanza imo, mhuri wa mtafsiri aliyeidhinishwa upo, karani wa ofisi ya leseni akapokea bila swali.

Kilichoniudhi ni vile wanavyowasukuma watu wachukue pameti ya kimataifa ya kuendesha gari kama vile inamaliza kila kitu, jamani ile ni tafsiri tu ya leseni yako, ile inayotolewa chini ya mkataba wa kimataifa wa barabara wa 1949 inakaa mwaka 1 na haimwongezei mkazi muda wa kuendesha kwa leseni ya nje! Kwa leseni za nje ya Umoja wa Ulaya, Ujerumani wanakupa miezi 6 tangu uhamie, Uingereza miezi 12, baada ya hapo huruhusiwi kuendesha kwa leseni hiyo. Na kama nchi yako haina makubaliano ya kubadilishana leseni na nchi uliyohamia basi ni mtihani wa nadharia na wa barabarani, hilo wangesema kabla ya kupokea hela.

Halafu pigeni kopi mapema, leseni ya zamani mara nyingi inabaki kwa ofisi ya leseni.