Rangi za akriliki za Tamiya kwa meli na treni ndogo: pulizia, usipake

Karibuni tena wadau. Leo mezani kuna vichupa vya rangi, vile vidogo vya mililita 10, akriliki ya Tamiya kutoka Japani. Pembeni kuna vitu viwili vya kujaribia: bodi ya Yamato, manowari ya Japani ya Vita vya Pili vya Dunia, kwa kipimo cha 1/700, na behewa la mizigo la Kimarekani kwa kipimo cha HO, yaani 1/87.

Mwenye haraka achukue jibu lake aende. Ukiwa na brashi ya hewa, ile bunduki ndogo ya kupulizia rangi, hizi ni kati ya rangi bora unazoweza kununua. Ukiwa na brashi ya mkono tu, zitakutoa jasho, na kosa halitakuwa lako.

Sababu ni hii. Kichupa kimeandikwa akriliki, basi mtu anadhani ni rangi ya maji kama zile za watoto shuleni. Fungua kifuniko unuse. Hiyo ni alkoholi. Maji yanaingia, ndiyo, na brashi ikiwa bado mbichi unaweza kuiosha kwa maji, lakini kinachoiyeyusha rangi hii barabara ni alkoholi. Na alkoholi ina tabia mbili: inaruka upesi, na ikikuta rangi ya jana inailainisha upya.

Sogeeni karibu na kamera muone. Ubavu huu wa meli una safu moja ya kijivu, imekaa nusu saa, ukiigusa ni kavu. Sasa napitisha brashi yenye rangi ileile. Mpito wa kwanza umekwenda vizuri. Narudi palepale mara ya pili... mmeona? Brashi imeanza kukwama, imeilamba safu ya chini, na plastiki inachungulia. Ukirudi mara ya tatu ili urekebishe, unapata uji wenye mabonge. Hapo wengi huongeza rangi, na ndipo kazi inapoharibika kabisa, kwa sababu kwenye 1/700 unene wa rangi ni jambo zito. Milimita moja hapa ni sentimita 70 za meli yenyewe. Rangi yenye unene wa karatasi ya daftari, tuseme milimita 0.1, ni sawa na kuipaka Yamato zege la sentimita 7. Mistari ya mbao za sitaha inazibwa, vidirisha vya duara vinapotea.

Kama brashi ya mkono ndiyo uliyonayo, kuna njia ya kuishi nayo. Weka matone mawili matatu ya kichelewesho cha kukauka, Tamiya wenyewe wanakiuza, halafu punguza rangi kwa X-20A, thina yao ya akriliki. Tumia brashi bapa na pana kadiri sehemu inavyoruhusu, vuta upande mmoja, usirudi nyuma. Safu ya kwanza itaonekana mbaya, yenye madoadoa. Iache hivyo hadi kesho. Ila kwa vitu vidogo kama maboti, nanga na mizinga midogo, mimi naona usijisumbue, chukua Vallejo Model Color, rangi ya kampuni nyingine. Ile ni ya maji kwelikweli, inatandaa yenyewe chini ya brashi, na inakuja kwenye chupa ya kudondoshea. Udhaifu wake ni kwamba haishiki vizuri plastiki tupu, inataka praima kwanza. Na tafadhali usiichanganye na thina ya Tamiya: alkoholi ikiingia, Vallejo inaganda kama maziwa yaliyokatika.

Hapohapo kwenye thina, kuna mtego wa herufi moja. X-20A ni ya akriliki. X-20, bila A, ni ya enameli, yaani rangi ya mafuta. Chupa zinafanana vya kutosha kumchanganya mtu dukani, na ukitia X-20 kwenye akriliki haichanganyiki, inaacha vipande vinavyoziba sindano ya bunduki. Soma lebo kabla ya kulipa.

Chaguo jingine la thina ni ile ya laka ya Tamiya, chupa ya mililita 250 yenye kifuniko cha njano. Imetengenezwa kwa rangi za laka, lakini ndani ya akriliki hii inafanya maajabu: rangi inashika plastiki zaidi, inajilaza yenyewe, na haikauki haraka kwenye ncha ya sindano. Ubaya wake ni mvuke mkali. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke, unahitaji ile yenye vichujio vya kaboni, na dirisha liwe wazi.

Vipi ile thina ya galoni inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi? Ya kuoshea bunduki tu, tena kwa uangalifu, maana inavimbisha mipira ya ndani. Nguvu yake hubadilika kutoka galoni hadi galoni, na ile kali inakula plastiki. Na spiriti ya kusafishia vidonda? Nyingi zina mafuta ndani yake, yanabaki juu ya rangi. Kama unataka alkoholi ya bei nafuu, tafuta aisopropili isiyo na nyongeza yoyote.

Sasa tupulizie. Bodi imeoshwa kwa sabuni ya vyombo, kwa sababu plastiki ikitoka kwenye kalibu huwa na mafuta. Plastiki yenyewe haidai praima kwa rangi hii, lakini reli za shaba za kuzungushia sitaha na sehemu za resini zinadai, la sivyo rangi inabanduka kwa ukucha.

Sindano ni ya milimita 0.3. Mchanganyiko wangu ni rangi sehemu moja, thina sehemu moja na nusu. Usipime kwa macho tu. Zungusha kikombe: rangi ipande ukutani, ishuke kama maziwa freshi, iache utando mwembamba unaoona nyuma yake. Ikishuka kama mtindi, ongeza thina. Ikiteleza bila kuacha kitu, umezidisha. Presha psi 15 hadi 20, kama bar 1 hadi 1.4, na ncha ikae sentimita 5 hadi 10 kutoka kwenye kazi. Rangi ikitua inatakiwa ing'ae kwa sekunde moja hivi, kisha ififie. Ikitua tayari imefifia, maana yake inakauka hewani, na ukipapasa kesho utakuta msasa. Sogea karibu au ongeza thina. Usiongeze presha, hiyo inazidisha tatizo.

Rangi gani kwa Yamato? Hapa Tamiya wamefanya kazi nzuri ambayo wachache wanaizungumzia. Karakana za jeshi la majini la Japani zilichanganya kijivu chao wenyewe, hivyo manowari za karakana tofauti hazikufanana. Tamiya wana vinne: XF-75 ya Kure, XF-77 ya Sasebo, XF-87 ya Maizuru na XF-91 ya Yokosuka. Yamato ilijengwa Kure, ikaingia kazini Desemba 1941, basi ni XF-75. Kichupa kimoja kinatosha ubavu na majengo yote ya juu ya meli hii ya sentimita 37.6, na kinabaki. Mimi nakiongezea XF-2 nyeupe kidogo, sehemu moja kwa tisa, kwa sababu rangi halisi ikiwekwa kwenye kitu kidogo huonekana nzito kuliko ilivyo. Wapo wanaopinga hilo, na hatutagombana.

Sitaha ni XF-78, rangi ya mbao. Anza nayo. Puliza sitaha, iache siku nzima, ifunike kwa tepu, halafu puliza kijivu cha ubavuni. Ukifanya kinyume utalazimika kufunika kila kona ya majengo, kazi ya kukutia wazimu. Na majengo yapulize yakiwa bado pembeni, ubandike mwishoni. Kumbuka kukwangua rangi mahali pa gundi, maana gundi ya plastiki inaunganisha plastiki na plastiki, haiunganishi rangi. Tepu ibandike kwanza mkononi mwako mara moja, ipungue unato. Wakati wa kuitoa, ikunje nyuma juu yake yenyewe, uivute polepole. Ukiivuta kwenda juu, itaondoka na rangi.

Behewa halina maneno mengi. XF-9 inaitwa rangi nyekundu ya tumbo la meli, lakini juu ya behewa la mizigo inakaa kama iliumbwa kwa ajili yake. Safu mbili nyembamba, kwisha. Kazi ya behewa iko kwenye dekali, zile stika za maji, kwa sababu ubavu wa behewa umejaa maandishi: namba, uzito, vipimo, tarehe. XF zote hazing'ai, na uso usiong'aa ni vilimavilima vidogo. Ukibandika dekali hapo, hewa inanaswa chini yake, na ikikauka unaona kivuli cheupe kama gamba la samaki kuzunguka kila herufi. Hakitoki tena kirahisi. Kwa hiyo kabla ya dekali puliza X-22, ile isiyo na rangi inayong'aa, iliyopunguzwa kwa thina ya laka. Iache hadi kesho. Micro Set, dawa ya kushikisha dekali, chini, dekali juu, sukuma maji kwa pamba kutoka katikati kwenda nje, kisha Micro Sol, dawa ya kuilainisha, juu yake na usiiguse tena. Itakunjamana hadi uogope. Iache, itajilaza yenyewe.

Uchafu wa kwenye mistari pakaza kwa enameli nyeusi-kahawia iliyopunguzwa sana. Enameli haiyeyushi akriliki iliyokauka, ndiyo maana tunachanganya familia mbili. Lakini isifike kwenye plastiki tupu, hasa panapobanwa kama viungo vya magurudumu, itapasuka.

Mwisho XF-86, isiyo na rangi na isiyong'aa, na hapa wa pwani nisikilizeni. Dar, Mombasa, Unguja, hata Muscat, hewa imebeba maji. Thina inaporuka haraka inaupoza uso wa kazi, mvuke wa maji unatua juu yake, na behewa lako jekundu linapata ukungu mweupe. Usipulize mvua ikinyesha wala asubuhi yenye umande, subiri mchana mkavu. Tengeneza safu nyembamba, usilowanishe. Kompresa nayo inakamua maji kutoka hewani: weka kichujio cha maji karibu na bunduki na ufungue valvu ya chini ya tangi kila ukimaliza, vinginevyo siku moja itatema tone katikati ya sitaha. Ukungu ukishaingia usisugue. Puliza X-22 nyembamba juu yake, mara nyingi unaondoka, kisha rudia XF-86 siku nzuri.

Lalamiko langu la mwisho ni kifuniko. Rangi ikikauka kwenye mdomo wa chupa, kinanata kama kimechomelewa. Futa mdomo kwa pamba yenye thina kila unapofunga. Kikishanata, usitumie koleo, kioo kitapasuka mkononi. Tumbukiza shingo ya chupa kwenye maji ya moto dakika mbili, zungushia mpira wa kufungia noti ili mkono usiteleze, na kinafunguka.