Mashine ya kukausha unyevu: Masika nzima nayo, Mji Mkongwe

Nashona nguo za harusi nyumbani, Mji Mkongwe, Unguja, chini kabisa ya nyumba ya mawe na chokaa. Anayezijua nyumba hizi anaijua Masika yake: ukifungua kabati unapokewa na uvundo, viatu vya ngozi vimeota ndevu nyeupe, chumvi ndani ya kopo imekuwa uji. Mwaka jana nilitoa gauni la satini la mteja nikakuta vitone vya kuvu mgongoni. Kitambaa nikakilipa. Na mwanangu wa pili ana pumu. Ikifika Aprili usiku ni kukohoa tu.

Nilishajaribu makaa chini ya kitanda, na vile vikopo vya chembechembe zinazovuta maji, ambavyo ndani ya sanduku vinafaa lakini chumba kizima havikiwezi. Udi nao unafunika harufu tu. Kuvu liko palepale, na moshi ndio unaozidi kumbana mtoto kifua.

Basi nikanunua mashine, laki nne na ishirini, boksi limeandikwa lita 12 kwa siku. Muuzaji akaniapia kwamba itapoza chumba. Uongo mtupu. Ndani mna kompresa kama ya friji: hewa inapita kwenye mabomba ya baridi, mvuke unageuka matone, matone yanaangukia ndooni, na hewa inatoka kavu lakini imeshapata joto. Ukilala nayo bila feni utaamka umelowa jasho. Tena inanguruma.

Usiku wa kwanza niliiwasha chumba cha kulala saa nne, madirisha wazi kama kawaida yetu. Kile kipimo kidogo cha unyevu kilisoma asilimia 86. Saa tisa ikaanza kulia pii pii: ndoo ya lita 2 imejaa, mashine imejizima. Nikafurahi, mpaka nilipotazama kipimo. 84! Kumbe nilikuwa naikausha bahari ya Forodhani. Usiku wa pili nikafunga madirisha, nikaziba chini ya mlango kwa kanga kuukuu, na kabla ya kulala nikamwaga ndoo. Asubuhi 61.

Bi mkwe alinitazama nikimwagilia mrehani maji yale, akasema, "Mwanangu, bomba lipo uani, ya nini kununua mashine ya kuchota maji?"

Baada ya wiki mbili nikaihamishia chumba cha vitambaa, na hapo ndipo ilipoonyesha kazi yake. Chumba ni kidogo, mlango unafungika, hakuna anayelala humo wa kulalamikia joto. Nimeiweka kwenye 55, kwa sababu chini ya 60 kuvu linapata taabu kuota. Inajiwasha na kujizima yenyewe. Wati 240, ikifanya kazi saa nane ni kama yuniti mbili za umeme. Bili naiona, lakini gauni moja la kulipa linazidi. Masika nzima sijakuta hata kitone. Chujio nalisugua kila baada ya wiki mbili, na vumbi la vitambaa linalotoka humo linatisha.

Kikohozi cha mtoto kimepungua, ila siku zilezile nilitoa zulia na godoro la zamani, kwa hiyo sifa zote siipi mashine.

Isichoweza ni ukuta wa jikoni. Aliyekaa kabla yetu aliupiga plasta ya saruji, na unyevu unapanda kutoka chini kama mafuta kwenye utambi wa kandili, saruji inauzuia kutoka, rangi inavimba na kumenyuka. Fundi wa nyumba za kale ameniambia saruji yote ibanduliwe, ukuta upakwe chokaa upate kupumua. Hilo linangoja pesa.

Kwa chumba cha vitambaa naipa nyota nne. Kwa chumba cha kulala, mbili.

Ukienda kununua, hasa iliyotumika, usilipe mpaka ichomekwe mbele yako. Kaa nayo nusu saa, soga na muuzaji, kisha chomoa ndoo uitazame. Kama ni kavu, huenda gesi inayopoza mabomba imekwisha na unachouziwa ni feni. Na ukifika nayo nyumbani isimamishe saa kadhaa kabla ya kuiwasha, maana kwenye bajaji huwa imelazwa ubavu.