TAHADHARI: Memori kadi feki za Raspberry Pi zinauzwa Mtwara mjini

Mafundi wenzangu, walimu wa kompyuta na makatibu wa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) wa Mtwara na Lindi, someni hili kabla hamjatuma hela. Kuna muuzaji anatembeza memori kadi za Raspberry Pi (ile kompyuta ndogo ya bodi moja, inayowakia kwenye memori kadi) maeneo ya sokoni Mtwara mjini, na huzitangaza pia kwenye magrupu ya WhatsApp. Anasema ni za GB 128, zina nembo ya kampuni kubwa, na bei yake haifiki nusu ya ile ya dukani. Risiti hatoi. Nimeletewa kadi zake na wateja wa Chikongola, Shangani mpaka Mikindani, na zote zina ugonjwa mmoja.

Mwanzoni mashine inawaka vizuri. Baadaye inakuwa nzito, inaganda ukifungua faili dogo tu, mwisho inagoma kuwaka. Mteja akirudi kulalamika anaambiwa kadi ni nzima, bodi yake ndiyo imechoka, na hapo hapo anauziwa bodi nyingine. Hili linaniuma kuliko yote, maana mtu analipa mara mbili na tatizo anarudi nalo nyumbani.

Msikubali bodi isingiziwe. Anza na umeme: kwenye terminal ya Pi andika amri vcgencmd get_throttled, jibu likiwa 0x0 umeme haujapungua tangu mashine iwashwe. Pi 4 inahitaji chaja ya volti 5 na ampea 3, na chaja nyingi za simu hazifiki hapo. Kisha fungua top (programu inayoonyesha kazi za prosesa), tazama namba yenye herufi "wa", yaani muda wa kusubiri, kwenye mstari wa CPU. Ikiwa juu wakati hakuna programu inayoisumbua prosesa, basi prosesa inasubiri kadi.

Nilizozipima zilikuwa na GB 8 tu ndani. Chipu inayoiongoza kadi imechezewa ili iidanganye kompyuta kuhusu ujazo. Ukivuka ujazo wa kweli, data mpya inapotea au inaandikwa juu ya ile ya zamani, lakini majina ya mafaili yanaweza kuendelea kuonekana kana kwamba hakuna kilichotokea. Katibu mmoja alikuwa ameweka humo kumbukumbu za mizani ya korosho za chama chake. Orodha ya mafaili aliiona yote, kufunguka hayakufunguka. Fikiria wakulima wanasubiri malipo na kilo zao hazijulikani ziko wapi.

Kuipima kadi, hamisha kwanza data yako, kisha uichomeke kwenye kompyuta nyingine. Kwenye Linux sakinisha programu ya kupima kadi iitwayo f3: amri yake f3write inaijaza kadi mpaka mwisho, f3read inasoma kama kilichoandikwa kimebaki salama. Wa Windows atumie H2testw. Kazi hii inaweza kuchukua saa nyingi, usiikatize njiani, kwa sababu feki hujulikana baada ya ujazo wake wa kweli kupitwa.

Ila tuwe waadilifu, kadi kwenda taratibu peke yake haitoshi kumwita mtu tapeli. Sehemu ya kadi ya Pi 4 haivuki MB 50 kwa sekunde, na ya Pi 3 ni nusu ya hapo, hata kadi iwe imeandikwa 100. Kwa Pi, alama ya kutafuta ni A1: kadi halisi ya A1 inatakiwa kumudu walau usomaji mdogo mdogo 1500 na uandishi 500 kwa sekunde. Huyu bwana naye anaichapa A1 kwenye zake, kwa hiyo usiiamini lebo bila kupima.

Ukinunua popote, dai risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) na mkubaliane kabisa kwamba kadi ikifeli kipimo inarudishwa. Waliokwisha kuuziwa, msizitupe. Tunzeni kadi, pakiti yake na ujumbe wa malipo wa simu, mkachukue RB (namba ya taarifa yenu) polisi na kupeleka malalamiko Tume ya Ushindani (FCC), ambayo ndiyo inayoshughulikia bidhaa bandia.